Miti Izaayo Baharini: Safari Yetu ya Mikoko ya Lamu

Mtu aingiaye katika nyumba ya kale ya mji wa Lamu, akainua macho kuitazama dari, huona boriti zimepangwa moja kando ya moja, kutoka ukuta hadi ukuta, nyeusi kwa umri na ngumu kama chuma. Juu ya boriti hizo pana mawe na chokaa, na juu ya chokaa pana orofa nyingine. Vizazi vingi vimezaliwa chini yake na vimezikwa, na boriti ziko palepale. Akipima upana wa vyumba, ataona kuwa ni vyumba virefu lakini vyembamba, upana wake kama mita 2 na nusu hivi, na ni nadra kufika mita 3. Si kwamba waashi wa zamani hawakupenda vyumba vipana. Boriti ndiyo iliyowawekea mpaka, kwa kuwa haikuweza kubeba uzito ule kwa urefu zaidi ya huo. Basi twaweza kusema, bila ya kutia chumvi, kwamba mti wa pwani ndio uliochora ramani ya nyumba ya Mwamu.

Wala si nyumba za Lamu peke yake. Kwa karne nyingi majahazi ya Arabuni na ya Ghuba yalikuwa yakija na upepo wa kaskazi, yameleta tende, chumvi na mazulia, na kurudi na upepo wa kusi yamejaa boriti za Lamu na za Rufiji. Huko zilikokwenda hakuna misitu ya kutoa mbao za kuezekea, na nyumba nyingi za kale za Kuwait na Bahrain ziliezekwa kwa miti iliyomea katika matope yetu. Biashara hiyo ya ng'ambo ilikoma kwa upande wa Kenya mwaka 1982, serikali ilipokataza boriti kupelekwa nje ya nchi.

Lakini ni wangapi katika sisi tulalao chini ya boriti, au tulao kaa na kamba waliolelewa mikokoni, tuujuao mti wenyewe? Twaupita chomboni, twaona ukijani ukingoni mwa maji, tukasema "mikoko", basi. Namna mti huu unavyovuta pumzi, unavyokunywa maji ya chumvi, na zaidi ya yote namna unavyozaa, ni mambo ya kumstaajabisha kila mwenye akili. Tena katika hilo la kuzaa imo siri ya kuokoka kwa msitu huu au kuangamia kwake. Ndiyo maana tulifunga safari ya kwenda kuutazama.

NJIA YA MKANDA

Tulitoka gatini Lamu asubuhi kwa mashua ya mashine iendayo kisiwa cha Pate, pamoja na magunia ya unga, kuku, na akina mama waliokuwa wakirudi makwao. Saa ya kuondoka hatukuichagua sisi wala nahodha, bali iliichagua bahari. Njia hupita Mkanda, mlango mwembamba wa maji ulio baina ya kisiwa cha Manda na bara, na maji yakipwa sana hapapitiki vyema. Kwa hiyo wasafiri wa Pate huhesabu safari zao kwa bamvua na maji mafu, kama mkulima ahesabuvyo kazi zake kwa vuli na masika.

Mara tulipoingia Mkanda, kuta mbili za kijani zikatufunga kuume na kushoto. Hapo ndipo mtu aelewapo maana ya hesabu azisomazo vitabuni. Nchi nzima ya Kenya ina karibu hekta 61,000 za mikoko, na zaidi ya hekta 37,000 katika hizo zimo Lamu. Yaani katika kila hekta 10, hekta 6 ni za visiwa hivi na bara yao. Huko kusini, katika delta ya Rufiji nchini Tanzania, uko msitu mwingine mkubwa kuliko huu.

Neno "mikoko" hutumika kwa msitu wote, lakini wajuao huwataja watu wa msitu huo kila mmoja kwa jina lake. Aina zilizoko Kenya ni 9. Uko mlilana, ambao husimama mbele kabisa, miguu majini, ukikabili mawimbi. Nyuma yake uko mkoko wenyewe, wenye mizizi ya matao, na pamoja nao muia. Kisha uko mkandaa, pale ambapo maji hayafiki kila mara. Mchu ni mti usiochagua sana, kwani waweza kuukuta mbele baharini na pia nyuma kabisa, karibu na nchi kavu, mahali pa chumvi kali. Wako pia mkomafi, kikandaa na msikundazi katika pembe zao. Kila mmoja una kiwango chake cha maji na cha chumvi, na hauvuki mpaka wake ila kwa taabu. Msomaji alishike neno hili, maana tutalirudia.

MIZIZI IVUTAYO PUMZI

Tuliposhuka Mtangawanda tulimpata nahodha mmoja mtu mzima, ambaye ujanani alikuwa mkata boriti, akakubali kutuingiza kwa dau katika hori mojawapo. Maji yalipokupwa tukashuka kwa miguu. Matope yalitufika magotini, na harufu ikapanda kama ya yai viza.

Harufu hiyo ndiyo mwanzo wa habari. Matope ya mikokoni ni laini na yamejaa maji na majani yaozayo, hata hewa haipenyi ndani yake. Chini ya vidole vichache tu hakuna oksijeni, na viumbe vidogo viishivyo humo hutoa gesi ya salfa yenye uvundo ule. Nao mzizi wa mti ni kiungo kilicho hai, huvuta pumzi kama viungo vingine. Mkulima ajua kwamba mahindi yaliyosimama katika maji ya mafuriko kwa siku kadhaa hugeuka manjano na kufa, kwa sababu mizizi yake imekabwa. Je, mti uliosimama katika matope hayo miaka 50 waishi vipi?

Jibu ni kwamba mizizi imetoka nje kuifuata hewa. Mkoko huteremsha mizizi yake kutoka shinani, juu ya ardhi, ikapinda kama matao ya msikiti, kila tao likakita chini mbali na mwenziwe. Ukilichunguza gome la mizizi hiyo utaona vitundu vingi vidogo, na ukikata mzizi utaona ndani ni kama sifongo, umejaa nafasi za hewa zinazoshuka hadi chini matopeni. Bahari ikijaa, vitundu huzibwa na maji, na mti hutumia hewa uliyojiwekea. Kwa kadiri inavyotumika, nguvu ya hewa ndani hupungua. Bahari ikipwa na vitundu vikawa wazi, hewa mpya huvutwa ndani kwa kishindo kisichosikika. Hivyo msitu mzima huvuta pumzi mara 2 kila siku, kwa saa ya bahari.

Miti mingine ina njia nyingine kwa haja hiyohiyo. Mchu hutandaza mizizi mirefu chini ya matope kama kamba, na kutoka katika kamba hizo huchomoza juu vijiti vyembamba kama kalamu, maelfu kwa mti mmoja, hata mtu hapati pa kukanyaga. Vya mlilana ni vinene chini na vyembamba juu. Muia hukunja mizizi yake ikatokeza kama magoti ya mtu aliyeketi, na mkomafi huisimamisha ubavu kama mikanda.

Mtu asidhani mizizi hii ni pambo tu. Katika mvua kubwa za mwaka 1997 na 1998, udongo mwingi ulisombwa kutoka bara ukamiminika katika hori la Mwache, karibu na Mombasa, ukaifukia mizizi ya kuvutia pumzi. Miti mingi ikakauka imesimama. Maji hayakuwapungukia, walichokosa ni hewa.

CHUMVI NA NAMNA YA KUIEPUKA

Lita moja ya maji ya bahari ina kama gramu 35 za chumvi. Baharia aliyeishiwa maji ya kunywa ajua kwamba bahari yote iliyomzunguka haimfai kitu. Mikoko, hata hivyo, haina kisima kingine.

Mkoko, muia na mkandaa huzuia mlangoni. Ngozi ya ndani ya mizizi yao hupitisha maji na kuiacha nje sehemu kubwa kabisa ya chumvi. Mchu nao huzuia, lakini ile chumvi iliyopenya huitoa kwa njia ya majani. Nahodha wetu alichuma jani la mchu akatupa, akasema, "Lambeni, wanangu." Tukalamba, nalo lilikuwa chumvi tupu, ukiligeuza juani waona punje zake zameta. Kwa kuwa maji safi yamepatikana kwa gharama hiyo, miti hii huyatumia kwa uchache. Majani yake ni mazito, yana nta juu, na mkoko huyainamisha yasikabili jua la adhuhuri moja kwa moja. Ndivyo afanyavyo mama wa nyumba isiyo na mfereji, ambaye ndoo moja aitia katika haja tatu.

WASHENGA WA MIKOKO

Mti hauendi kumtafuta mwenziwe. Chavua ya ua hili sharti ipelekwe kwa ua lile na mshenga, na kila mti umechagua mshenga wake.

Mlilana hufungua maua yake jioni. Kila ua ni kama brashi ya nyuzi nyeupe nyingi, nalo hudumu usiku mmoja tu. Washenga wake ni popo walao utamu wa maua, na nondo wakubwa. Asubuhi ukipita, waona nyuzi nyeupe zimetapakaa majini, kazi imekwisha. Ua la muia ni la mchana; lina kikombe chekundu cha vidole vingi, na ndege wadogo wenye midomo ya kupinda, chozi, huja kunywa humo. Ncha ya mdomo inapogusa, ua hufunguka ghafula na kumrushia ndege chavua kichwani, naye huichukua hadi ua jingine. Mkandaa hutegemea nondo wadogo wa usiku. Mchu una vijiua vidogo vya rangi ya manjano vyenye harufu tamu, na nyuki huvijaa. Ama mkoko wenyewe haumlipi mtu: chavua yake ni nyepesi na tele, na kwa sehemu kubwa huchukuliwa na upepo.

MAMA NA MWANA

Hadi hapa mikoko haijaachana sana na miti mingine. Sasa twafika palipo ajabu yenyewe.

Mti wa kawaida, ukiisha kushika mimba, hufunga kiinitete ndani ya mbegu, ukampa chakula kidogo, ukamlaza usingizi na kumwacha aende. Mbegu ya mbaazi yaweza kulala kibuyuni mwaka mzima, hata mvua ikamwamsha. Mkoko haufanyi hivyo. Mtoto wa mkoko halali kamwe. Tunda lingali mtini, dogo kama kidole gumba, kiinitete huchipua humohumo. Hutoboa tunda kwa chini, na mwili wake wa kijani huning'inia nje, ukirefuka mwezi baada ya mwezi, hata ukafika nusu mita na zaidi. Wakati wote huo mama ndiye anayemlisha na kumnywesha, ingawa naye, kwa kuwa ni kijani, hujipikia chakula kidogo kwa mwanga wa jua. Chumvi pia huizoea polepole. Mwili wake una chumvi kidogo kuliko wa mama, na hushushwa baharini akiwa tayari amefundishwa.

Tulisimama chini ya mkoko mmoja uliojaa wana, wamening'inia kwa mamia, ncha zao chini, kama mishumaa. Nahodha akatuonyesha alama ya aliyekomaa: baina ya tunda na mwili hutokea shingo ya rangi ya manjano. Asiye na shingo hiyo hajatimiza siku zake, na akichumwa hafai kupandwa.

Aliyetimiza huachana na mama kwa uzito wake mwenyewe. Akianguka maji yamekupwa, pengine hujichoma palepale matopeni na kusimama. Lakini wengi huanguka majini wakachukuliwa. Mwanzoni huelea wamelala. Baada ya siku nyingi mwili huzidi kuwa mzito upande wa chini, wakasimama wima majini, na wapatapo kina kifupi ncha hugusa tope. Mizizi hutoka kwa siku chache, na majani mawili ya kwanza hufunguka juu. Mwana wa mkoko aweza kuelea kwa miezi akiwa hai. Kwa njia hii mti usio na miguu umevuka milango ya bahari na kufika visiwa ambavyo wavuvi hawajavikalia.

Muia na mkandaa huzaa vivyo hivyo, ila wana wao ni wafupi. Mchu hufanya kwa siri: mtoto huchipua ndani ya tunda lakini halitoboi, nalo likiingia majini gamba huvuka na mche hutokea. Mlilana hauzai kwa namna hiyo. Tunda lake lina mbegu ndogo nyingi. Mkomafi una tunda la mviringo kama mpira, na tunda la msikundazi lina mgongo uliosimama mfano wa tanga.

Tukamwuliza nahodha, "Mzee, kwa nini mkoko usitupe mbegu tu kama mwembe?"

Akacheka. "Mbegu ya mwembe uitie hapa, bwana, kesho uje uitafute."

Hakika hilo ndilo jibu. Mahali hapa mbegu ndogo yenye kulala ingesombwa na maji kabla ya kuamka, au ingezama katika tope lisilo na hewa, au chumvi ingeiua ikiwa changa. Mama alilazimika kumlea mwana hadi awe na urefu wa kushinda tope na nguvu ya kushinda chumvi.

GHALA LISILOKUWAPO

Basi na ufahamu msomaji gharama ya malezi hayo. Shamba la nchi kavu likifyekwa, udongo wake una mbegu zilizolala, nyingine za miaka mingi; mvua ikinyesha, kichaka hurudi hata bila ya kupandwa. Tope la mikoko halina akiba hiyo. Wana wa mkoko hawalali, hawawekwi, na wakikauka hufa. Msitu huu hauna ghala ila lile lililoning'inia matawini mwa mama aliye hai. Mama akikatwa, ghala limekatwa pamoja naye.

Tena mkoko haurudi kutoka kisikini. Tulimwuliza nahodha juu ya hilo. "Mchu ukiukata huchipuka, na mlilana huchipuka," alisema. "Mkoko ukiukata umekwenda zake." Sababu yake ni kwamba macho ya machipukizi yaliyo chini ya gome la mkoko hufa mti unapokua mkubwa, shoka likipita, hakuna jicho la kuamka.

Ushahidi wa mambo haya uko Gazi, kusini mwa Mombasa. Katika miaka ya 1970 sehemu za mikoko ya huko zilikatwa zote kuwa kuni za viwanda. Miaka ikapita, na sehemu hizo zikabaki uwanja wa tope na mchanga, kwa kuwa hapakubaki mama wa kuleta mwana, wala mzizi wa kulizuia wimbi. Hata mwanzoni mwa miaka ya 1990 wataalamu walipokwenda kuanza kupanda upya, walikuta bado ni uwanja.

Lamu haikufyekwa hivyo, lakini ina jeraha lake. Wakataji hupanga miti kwa unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Itakiwayo zaidi ni ile iliyonyooka, ya unene wa wastani. Boriti yenyewe huwa na kipenyo cha baina ya sentimita 11 na 14 hivi. Sasa mti wa umri huo ndio ulio katika nguvu za uzazi. Msitu ukiingiwa mara kwa mara kwa shoka lichaguayo, miti mizuri hutoka, na ibakiayo kuwa wazazi ni iliyopinda na iliyodumaa. Nahodha alituonyesha mahali ambapo katika ujana wake alikata boriti 20 kabla ya maji kujaa. Leo mtu angezunguka humo kutwa nzima asipate 5.

Si haki kuwalaumu wakataji peke yao. Wao wana watoto, na soko ni letu sisi tujengao. Mikoko ya Kenya imekuwa misitu ya serikali tangu mwaka 1932, na amri za kufunga na kufungua zimepita nyingi. Mwaka 1998 haukuwa wa mwisho wa shida wala 1982 haukuwa wa mwisho wa makatazo: mwaka 2018 ulipokatazwa ukataji wa miti katika misitu ya serikali nchi nzima, nyumba nyingi za Lamu zilizoishi kwa boriti zilijikuta hazina pa kushika. Katazo lisilompa mtu riziki nyingine humfundisha kukata usiku. Na ruhusa isiyojali wazazi wa msitu huimaliza riziki yenyewe. La kufaa liko kati ya hayo mawili: kukata kwa zamu na kwa hesabu, na kuacha katika kila sehemu mama wa kutosha, walionyooka na wenye kuzaa, wasiguswe.

Wala boriti si faida ya kwanza ya msitu huu. Kamba na samaki wengi wa mwambao hupitisha utoto wao kati ya mizizi hii, wakijificha na wakubwa wao. Kaa koko huchimba makao humo, na mashimo yake huingiza hewa matopeni. Chaza hujishika kwenye mizizi. Mkoko ukitoka, mvuvi wa jarife ataliona pengo nyavuni mwake kabla ya mjenzi kuliona darini.

KUPANDA KWA MAARIFA

Katika kisiwa cha Pate tuliwaona akina mama wameingia matopeni, leso zimefungwa viunoni, kila mmoja na kikapu cha wana wa mkoko. Tuliwaamkia wakatuitikia bila ya kuacha kazi, kwa kuwa maji yalikuwa yakirudi. Kazi yao yaonekana nyepesi: kuchoma kijiti topeni. Lakini ndani yake mna elimu yote tuliyoieleza hapo juu.

Kwanza, huchukua mwana aliyekomaa, mwenye shingo ya manjano. Pili, hawamweki nyumbani siku nyingi, maana halali wala hangoji. Tatu, na hili ndilo kubwa, humpanda mahali pa aina yake. Hapa ndipo lirudipo lile neno la mipaka. Watu wengi wenye nia njema, katika nchi nyingi, wamepanda mkoko kwenye tope la mbele ambalo ni mahali pa mlilana, au juu ya majani ya baharini ambako hakujapata kumea mkoko tangu dunia kuumbwa. Wimbi huwang'oa, chaza huwaelemea, na mwaka wa pili hapana kitu ila picha za siku ya kupanda. Aliye na busara hutazama kwanza msitu wenyewe umeweka nini na wapi.

Gazi imeonyesha kwamba kazi hii ikifanywa sawasawa yalipa. Vijiji vya huko vinatunza hekta 117 za mikoko, na tangu mwaka 2013 vimekuwa vikipata fedha kwa sababu ya kaboni ambayo miti hiyo huivuta hewani na kuihifadhi mwilini mwake na katika tope. Fedha hizo zimeleta maji ya mfereji na kusaidia skuli. Hivyo mti uliosimama umepata bei, ambapo zamani bei ilikuwa ya ule uliolala chini.

Dini yetu imehesabu upandaji wa mti kuwa sadaka kwa kila ndege, mnyama na mtu atakayekula katika mti huo. Nayo imemhimiza mwenye mche mkononi aupande hata ikiwa Kiyama kimemkaribia. Sijui kama uko mti unaoliweka neno hilo karibu na mkono wa mtu kuliko mkoko, ambao mche wake huanguka tayari umekwisha kuota.

Kwa hiyo asafiriye Lamu, akipita ufuoni wa Pate au wa Manda na kuuona mche wa mkoko umelala kati ya takataka za bahari, asiuone kuwa ni kijiti cha mchezo cha watoto. Autazame, ukiwa bado ni kijani na ncha yake ni nzima, ungali hai. Aupeleke ukingoni mwa mikoko mingine ya aina yake, auchome topeni kiasi cha thuluthi ya urefu wake, ncha chini, auache hatua moja kutoka kwa mwenziwe, kisha aondoke kabla maji hayajajaa.